Mgeni Amekwama Mezani

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama alimwambia Bikira Maria huku akimpangusa vumbi puani kwa pindo la nguo yake. "Sasa wewe nikupe nini?"

Bikira Maria hakujibu. Alikuwa wa plasta, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, joho lake la buluu limebanduka begani, na alisimama mezani kwetu kando ya picha ya kaka yangu. Katika jumuiya yetu ya sala tulimwita Mgeni. Alikaa wiki moja kila nyumba. Jumamosi mwenye nyumba mwenyewe alimbeba hadi mlango unaofuata, akapiga hodi, wakasali wote wawili pale kizingitini, kisha akamkabidhi. Hakuna aliyewahi kuulalamikia utaratibu huo, mpaka zamu ilipofika kwetu na mlango unaofuata ukawa wa mama yake fundi.

Fundi ndiye aliyemuua kaka. Walikuwa wakichomelea vyuma karakana moja, wakagombana mchana kweupe kwa maneno ya kipuuzi, na mmoja wao alikuwa na nondo mkononi. Jaji akasema anyongwe. Mama yake, shoga wa mama yangu tangu sisi watoto hatujaota meno, akaanza kusali nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kuuliza njia.

Mama Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kutusaidia. Nyumba yake ilifuata baada ya ile.

"Mruke yule," alisema. "Mlete Mgeni kwangu moja kwa moja."

"Simruki."

"Haya, mpelekee basi."

"Simpelekei."

"Ala! Kwa hiyo mmemteka nyara Mama wa Mungu?"

Mama aliweka ungo chini. "Nikimruka yule mwanamke, nitakuwa nimesema Maria naye hamtaki. Hilo halitoki kinywani mwangu. Lakini miguu yangu haiendi kule. Kama una mingine, niazime."

Mwenyekiti aliondoka bila kuaga, na Mgeni akabaki. Wiki zikazidi. Jirani mjamzito aliyekuwa akiisubiri zamu yake akajifungua bila Mgeni, akatununia yeye, mume wake na nadhani hata kitoto. Katekista akasema hilo ni jambo la padri. Padri akasema jumuiya izungumze. Jumuiya ikazungumza weee, ikaamua ni jambo la familia. Familia ilikuwa mimi na Mama, na Mama hazungumzi. Nilichoka kama pasi juu ya nguo mbichi: mvuke mwingi, mikunjo ileile.

Naijua pasi, maana ndiyo kazi niliyoingia nilipomaliza darasa la saba. Nilipiga pasi pale kwa dobi wa mtaani kwetu, na kila Ijumaa mama yake fundi aliniletea kitambaa kimoja cheupe cha mezani. Hakusema cha nini. Nilipokikunjua, nilikuta pasi yangu ya wiki iliyopita ingali palepale, hakina hata doa. Nilinyoosha kilichonyooka, nikamrudishia. Nikipita kwake Jumamosi, mlango uko wazi, kizingiti kimefagiliwa, kitambaa kimetandikwa mezani, na juu ya kitambaa hakuna kitu.

Kisha rufaa ya mwisho ikakataliwa. Sasa fundi alikuwa anangoja siku tu, na siku yenyewe haambiwi mtu. Nilidhani Ijumaa ile mama yake hatakuja. Alikuja.

"Usiache mkunjo, mwanangu," alisema, akakisukuma kitambaa kwangu kwa vidole viwili.

Kesho yake Mama alipokwenda sokoni, nilimfunga Mgeni kwenye taulo nikatoka naye.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea Mgeni."

Mama yake fundi alitazama lile taulo. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe, kisha akairudisha kiunoni.

"Marahaba. Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi mrudishe."

"Mama, jamani! Wiki zote hizi unatandika kitambaa..."

"Nyumba hii imeshachukua kitu cha mama yako bila ruhusa," alisema. "Haitachukua cha pili."

Nilirudi nikilia kwa hasira. Nilikuwa na hasira naye, na Mama, na padri, hata na huyo wa plasta aliyetabasamu kwenye taulo kana kwamba haya hayamhusu. Mama alikuwa mlangoni na kikapu cha sokoni mkononi. Nyuma yake mezani ilibaki picha ya kaka peke yake.

"Kakukatalia?"

Nikamwambia neno kwa neno. Aligeuka akaitazama ile picha ya kaka.

"Kiburi kilekile," alisema. "Hebu mlete hapa. Unambeba kama mzigo wa kuni."

Nilimfuata nyuma. Mlango wa yule mama ulikuwa bado wazi.

"Hodi."

"Karibu."

"Sijamsamehe mwanao."

"Sijakuomba."

"Basi pokea, mikono inaniuma."

Anayeleta husali nusu ya kwanza, anayepokea humalizia. Mama akaanza Salamu Maria kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Yule mwingine akaitikia vizuri, akaomba kwa ajili yetu sisi wakosefu, akafika "sasa na", akakwama. Saa ya kufa haikumtoka kooni. Mama akasonya, kisha akaimalizia yeye, harakaharaka, kama unavyomfungia mwenzako kifungo cha mgongoni asichokifikia.

"Hata maji ya kunywa hakunipa," alinung'unika njia nzima.

Mpaka leo fundi hawajamnyonga, wala hawajamwachia. Mama hajatamka kwamba amemsamehe, nami nimeacha kumuuliza.

Ila nakumbuka Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa kibarazani tunamenya vitunguu, tukamwona mama yake fundi amembeba Mgeni, amemzungushia kile kitambaa cheupe. Alisimama mlangoni kwa Mama Mwenyekiti, akapiga hodi. Redio ilikuwa inaimba ndani. Akapiga tena. Redio ikazimwa, mlango usifunguliwe.

Mama aliweka kisu chini, akafuta machozi ya vitunguu, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Inuka," aliniambia. "Hodi hii tukaipige watatu."