Nusu Mzunguko wa Fabiani

Mimi nina hasira za karibu, na asiyejua hilo hapa Sumbawanga hajawahi kuleta gari kwenye gereji yangu. Mteja akianza kunifundisha kazi namrudishia ufunguo wake. Ila kwa Edith huwa nanyamaza. Edith ni mke wa marehemu kaka yangu Fabiani, na pikapu aliyoileta siku ile ilikuwa ya Fabiani.

Ni pikapu ya zamani, ina umri mkubwa kuliko ndoa yao. Tangu tumzike kaka, Edith anashuka nayo Kabwe, kule ziwani, kuchukua dagaa, anawapandisha Namanyere na kuwaleta hapa mjini. Kushuka hakuna tabu. Kupanda ndiyo kesi.

"Shemeji, mlima umenishinda," alisema. "Nikipakia magunia kumi, napandisha matano, nayashusha juu, narudi kuchukua mengine. Watu wananicheka. Nimeshamwambia Malimi, ikishindwa tena safari ijayo aje aichukue."

Malimi ni Msukuma wa kule Namanyere, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na moyo mzuri. Alikuwa anaitaka ile injini tu, aifunge kwenye pampu ya kunyweshea ng'ombe wake. Bodi lingebaki kuwa banda la kuku. Niliposikia hivyo niliumia kweli. Ni chini ya pikapu ile Fabiani alinilaza nikiwa na miaka kumi na miwili, akanipa bisibisi na kuniambia nianze kufungua.

"Haiuzwi," nikasema. "Naifunga turbo."

"Ndiyo nini hiyo? Inakula nini?"

"Inakula moshi wake yenyewe."

Nikamweleza kwamba turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, nacho kinasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Injini iliyochoka inapata pumzi. Edith alisikiliza, kisha akasema sawa, ila nisije nikamlipua. Hivyo ndivyo tulivyo mimi na yeye, mtu na shemeji yake.

Turbo haikunisumbua. Niliipata kwa wauza skrapa wa Mbeya, pamoja na nozeli za kunyunyizia mafuta, zichukue nafasi ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Kilichonitoa jasho ni kompyuta ya kupima mafuta. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, ni sawa na kumpa mtu kazi ya watu wawili na sahani ile ile ya ugali. Kompyuta mpya niliyoulizia Dar es Salaam, bei yake ingenunua pikapu mbili kama ile na ng'ombe mmoja wa Malimi juu. Nikapata iliyotumika, ya gari jingine. Nilihangaika nayo wiki nzima haikutaka kuelewana na injini yetu, nikaitupa ukutani. Sijutii.

Mwisho, kwenye kundi letu la mafundi kwenye simu, nikampata mshikaji wa Iringa anayeziunga mwenyewe. Michoro yake inatolewa bure mtandaoni, yeye anachomelea vipande kimoja kimoja na kuweka ndani ya boksi la plastiki. Niliuza jenereta langu nikamlipa. Kompyuta ilikuja na basi, imefungwa kwenye kitenge. Ila kipima hewa chake kilikuwa kimevunjika njiani. Hicho ndicho kinachoiambia kompyuta hewa ni nzito au nyepesi kiasi gani, ili itoe mafuta yanayolingana.

"Kaka, vuta subira miezi miwili, naagiza kingine," mshikaji akaniambia.

Mimi na subira hatujuani. Edith alikuwa na safari Jumatano. Nikaipanga kompyuta isahau habari ya hewa, iangalie tu mguu wa dereva: akikanyaga hivi, mafuta haya; akikanyaga vile, mafuta yale. Nikaazima kompyuta ya mpakato, nikazunguka na pikapu siku tatu nikirekebisha. Nilikwenda nayo hadi Mwimbi na kurudi, nyuma nimepakia mawe. Jamani, ilikuwa inavuta! Mawe yale nilisahau kama yapo. Nilipita mbele ya gereji za wenzangu mara mbili bila sababu yoyote, na mara ya pili nikapiga honi.

Jumatano Edith akashuka Kabwe. Alhamisi asubuhi simu ikaita.

"Shemeji, inagonga."

"Inagonga nini?"

"Kama mtu anatwanga karanga ndani ya injini. Nimepakia magunia yote kumi, nimeanza tu kupanda, ikaanza. Nimezima."

"Umezima! Nani kakwambia uzime? Ni sauti ya turbo hiyo, hujaizoea. Kanyaga!"

"Sikanyagi."

"Edith, fundi ni nani kati yetu?"

"Fundi ni wewe. Lakini Fabiani aliniambia gari ikibadilisha sauti, zima kwanza, maswali baadaye. Sikanyagi, Calvin. Na nimeshampigia Malimi."

Aliniita jina langu. Nikajua imekwisha.

Nilipanda basi hadi Namanyere kwa hasira, ile kompyuta ya mpakato kwapani, na pale nikamkuta Malimi anapasha moto lori lake dogo, yuko tayari kwenda kuchukua mali yake. Nikaomba lifti. Fikiria mwenyewe: nimekaa pembeni ya mtu anayekwenda kuikata injini ya kaka yangu, na mtu huyo ananigawia viazi vyake vya kuchemsha.

"Pole, fundi," aliniambia. "Mimi sina haraka. Ikipanda, basi, nitafurahi nayo. Isipopanda, ng'ombe wangu watamkumbuka kaka yako kila siku."

Sikuweza hata kumchukia.

Tulimkuta Edith amekaa juu ya gunia, kando ya pikapu, chini kabisa ya mlima. Joto la ziwani lilinipokea kama mlango wa jiko. Nikawasha injini, nikakanyaga kidogo. Haikugonga. Nikapanda nayo mita hamsini na mzigo, na hapo nikaisikia mwenyewe. Ka-ka-ka-ka. Nikazima haraka. Edith angeusikiliza mdomo wangu asubuhi ile, pistoni ingetoboka, na pikapu ingeishia pale pale.

Lakini sikujua sababu. Gari lililovuta mawe hadi Mwimbi, lina nini na dagaa? Nilifungua boneti nikabaki naangalia tu, aibu imenijaa hadi masikioni.

Edith akasogea, akasimama karibu yangu.

"Fabiani asingefika huku bila kusimama kwanza," alisema taratibu. "Kila tukishuka, kwenye ile kona ya mawe mekundu, anasimama. Anafungua boneti, anachokoa kidogo na bisibisi, anafunga. Tukirudi, pale pale anasimama tena. Miaka yote ile nilidhani anapoza injini. Mara nyingine nilidhani anasali."

Nilimwangalia, nikakaa chini kwenye vumbi.

Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni, na nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwambia anausalimia mlima. Yeye alikuwa anajibu, "Nusu mzunguko tu, mdogo wangu," na kurudisha bisibisi juu ya kioo. Ilikuwa ni skrubu ya mafuta ya kabureta. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Ukishuka ziwani inakuwa nzito, na injini inataka mafuta zaidi; isipoyapata, inagonga. Fabiani, ambaye hakumaliza hata darasa la saba, alikuwa anafanya kwa mkono kazi ambayo kompyuta yangu haikuiweza. Mimi nilipima kila kitu juu, kwenye hewa ya nyumbani, nikadhani dunia nzima inapumua kama Sumbawanga. Nililia, na sioni haya kusema. Malimi aligeuka akajifanya anakagua matairi.

Kisha nikainuka. Kwenye dashibodi kulikuwa na redio ya Fabiani iliyokufa siku nyingi. Nikang'oa kile kidude cha kuongezea sauti, nikakiunganisha kwa nyaya mbili tatu kwenye kompyuta, nikaipanga upya: ukikizungusha nusu kwenda kulia, mafuta yanaongezeka kwa kila mguu, ukirudisha kushoto, yanapungua. Kazi ya saa tatu. Edith alishika usukani, mimi nikapanda juu ya magunia.

Tulipanda. Malimi alikuwa nyuma yetu na lori lake, akipiga honi kila kona kama mtu wa harusi. Magunia kumi, hakuna lililoshushwa, na hakuna kugonga. Kwenye mawe mekundu Edith akasimama, akazima injini, akazungusha kidude kushoto, akashuka akafungua boneti, akaifunga. Ndipo tukaendelea. Namanyere, Malimi alinunua gunia moja la dagaa kwa bei ya kawaida, akasema ng'ombe watavumilia.

Kipima hewa kipya kilifika Desemba. Edith alipokuja gereji kubadilisha oili nikakitoa kwenye boksi lake, nimefurahi, nikamwonyesha.

"Nikikifunga hiki, kompyuta itajua yenyewe uko juu au uko ziwani. Hutahitaji tena kusimama pale konani."

Alikichukua, akakigeuza geuza mkononi muda mrefu.

"Kwani nani kakwambia nimechoka kusimama?" akauliza.

Nikakirudisha kwenye boksi, nikafunga boneti.