Rangi za Mama Warigia

Nicanor Opiyo alikuwa mchoraji hodari, hilo hatumnyang'anyi. Lakini rangi! Rangi hazikuwa zake hata tone, na kwa miaka mitano alizipokelea sifa bila haya.

Mpakaji alikuwa Ngendo, Mama Warigia wa kule Gatongora, Ruiru. Mwaka wa hamsini na tatu mumewe alitiwa kizuizini na mkoloni kwa kushukiwa uasi, na pale Thika hakuna mwenye mtambo wa kuchapa angethubutu kuandika jina la mke wa mtu kama huyo. Basi Nicanor akawa anampelekea huko hadithi zake za picha, anampa ujira wake, anarudi nazo zimeshapakwa. Kulificha jina kulikuwa kumsitiri. Sawa. Lakini mume aliachiliwa hamsini na sita, na Nicanor akaendelea kunyamaza. Sifa ni tamu, bwana.

Mwaka wa hamsini na nane Mbaluka, msimamizi wa uchapaji, akaamua kuzikusanya hadithi zile ziwe kitabu, chenye majina ya waliozitengeneza. Akamwita Nicanor.

"Mwaka juzi ulilazwa mwezi mzima, mkono umevunjika. Michoro ulikuwa umeiacha tayari. Rangi nani alipaka?"

Masikio ya Nicanor yaliwaka moto. Uongo ulimjia, akauacha. Akamtaja Ngendo.

"Basi niletee karatasi hii ya kuthibitisha kwamba rangi ni zake, iwe na sahihi yake," Mbaluka akasema, bila kumtazama.

Jumamosi alimkuta uani akipepeta maharagwe. Alimweleza yote huku akitazama viatu vyake mwenyewe. Ngendo alisoma karatasi, akamrudishia.

"Aca, hapana. Siwezi kutia sahihi."

"Kwa nini, Mama Warigia? Ni haki yako."

"Mwaka jana niliwaambia akina mama wa kanisa kwamba picha zile nazipaka mimi. Wakacheka. Jina lililochapwa pale ni lako wewe. Wazee wakaniita muongo, wakaninyima meza ya Bwana mpaka nitubu. Nilisimama mbele ya watu wote, Nicanor, nikatubu kwamba nilidanganya. Sasa nikitia sahihi, nitakuwa muongo mara ngapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani wewe hukujua nani anazipaka?"

Nicanor akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumapili alikwenda kanisa lile, yeye Mjaluo peke yake kati ya Wakikuyu, akaomba kusimama. Akasema kwamba muongo ni yeye, na Ngendo alitubu dhambi isiyo yake. Mzee Kagwe, aliyeipokea toba ya Ngendo, aliinamisha kichwa. Kisha, kama desturi yao, akina mama wakaanza wimbo wa kumpokea aliyetubu, wakaja kumshika mkono mmoja mmoja. Ndipo alipotambua kwamba Ngendo naye aliimbiwa hivi hivi, akashikwa mikono hivi hivi. Aibu ikamzidi.

Ngendo alikuja wa mwisho, kiganja mbele. Nicanor akaharakisha kumpa mkono.

"Mkono sitaki," akasema Ngendo. "Lete karatasi."