Suluhu kwa Gari la Bububu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nnalisema mwanzo, kabla hajatokea mwengine akalisema vizuri zaidi. Dunia imenipiga makofi mengi, lakini lile nilijipiga kwa mkono wangu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lianze kwenda Bububu. Jioni moja, barazani kwangu Malindi, Unguja mjini, niliwaambia wenzangu kwamba mke wangu Badriya akilala hukoroma hata paka akahama nyumba. Tulicheka mpaka kahawa ikatutoka puani. Kumbe Badriya yuko dirishani juu. Asubuhi yake alifunga nguo zake akaenda kwa mamake Bububu, na kaka yake Amour akaniletea salamu: Ijumaa anakuja na mashahidi kutaka talaka ya dada yake.

Talaka! Mie Badriya nnampenda. Kilichonishinda ni kwenda kumtazama usoni niseme "nisamehe". Kwa mzaha nna ulimi wa upanga. Kwa kuomba radhi ni bubu.

Nikatafuta wa kutusuluhisha. Mwalimu mmoja wa uganga, wa Jang'ombe, alitaka mbuzi mweusi asiye na doa, na vikao saba vya mume na mke uso kwa uso. Kwanza mbuzi simpati. Pili, uso ndio hasa nnaoukimbia. Kwa kadhi nako ni yale yale, tena mbele za watu.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mwanakheir, muuza vitumbua, aliyekuwa akenda Bububu kwa gari la asubuhi na kurudi adhuhuri. Tena ndiye aliyekuwa somo wa Badriya, aliyemfunda siku za harusi yetu.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, Suud. Nshasikia. Mkeo anakoroma."

"Nifikishie maneno, bibi yangu. Mwambie ulikuwa mzaha tu. Ujira wako nini?"

"Ninunulie vitumbua sahani moja kila siku. Mbuzi nimfuge wapi mie?"

Nikaona nimeokota dodo: suluhu ya bei ya vitumbua, na mwenyewe sitoki nyumbani. Jumanne nikala vitumbua, nikangoja. Adhuhuri akarudi.

"Ehe?"

"Behewa zima limekupa haki, isipokuwa wanawake wa benchi la nyuma."

"Umewaambia watu?"

"Sasa mwanangu, ndoa ya watu ntaiamua peke yangu? Mtu mmoja hakosi kupendelea."

Nikaona kasema kweli. Ndio ule ujinga nliokwambieni. Jumatano nikaongeza hoja, kwamba hata mie hukoroma, na jibu likaja kwamba nimnunulie kanga. Nikanunua doti mbili, nikampa azipeleke. Alhamisi Bi Mwanakheir alirudi kanuna.

"Suud, leo umeshindwa. Wamekata shauri umpe talaka yake. Aliyekutetea ni Champsi wa dukani peke yake, naye alishuka Mtoni."

"Na Badriya mwenyewe kasema nini?"

"Badriya? Tangu Jumanne hata mara moja sijamwona. Nikimaliza kuwasikiliza watu, gari lishataka kurudi."

"Na kanga zangu?"

"Hizi hapa, chini ya vitumbua."

Nilizinyakua na mafuta yake, nikakimbilia gari la alasiri. Sijakaa vizuri, sauti ikauliza, "Ndiye huyu? Wa paka?"

"Mfupi kuliko nilivyodhani."

"Mie Jumanne nilikuwa wako," mzee mmoja akaniambia. "Jumatano ukaniudhi."

Bububu tulishuka sote, hata waliokuwa washuke Kibweni. Badriya alikuwa kituoni na mamake, kashika bunda lake la nguo.

"Badriya," nikasema. "Hawa wanasema nikwambie…"

"Hawa nshawasikia siku tatu! Kila anayeshuka ananiletea hukumu yangu mpaka mlangoni. Nlikuwa naja mjini nikusikie wewe."

"Sema nisamehe," mtu akaninong'oneza mgongoni.

"Nisamehe."

"Na hutorudia tena," wakanong'ona wawili.

"Na sitorudia tena."

"Na kanga mpe!"

Nikampa. Akazinusa, akazitazama zile alama za mafuta, akazitia bundani. Wanawake wa benchi la nyuma wakasema radhi hiyo haifai, nimenong'onezwa. Yule mzee akasema radhi ni radhi. Wakashikana maneno pale pale, mimi katikati kama mzigo usio na mwenyewe. Filimbi ikalia. Badriya akapanda gari la kurudi mjini, akakaa.

"Na ile talaka?" nikauliza. Kituo kizima kikasogea kusikiliza.

"Talaka ya nini? Hayo ya kaka yangu. Mie narudi nyumbani kwangu. Wewe ndiye unayebaki: kaa hapa na mama mpaka ujue kuomba radhi bila ya kusomewa."