Samaki wa Kutupwa

Niseme mapema usije ukanidhania mtu mwema: huu mto wa San Rafael niliuharibu mimi. Si peke yangu, lakini nilijitahidi. Babu yangu ndiye aliyeleta vichaka vya tamariski kuzuia kingo zisimomonyoke, navyo vikazuia kila kitu, mpaka mto ukawa mfereji mwembamba unaokimbia kama una deni. Mimi nilisimamia mifereji ya mashamba kwa miaka ishirini, na kila biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno, alipojenga bwawa lake la matawi, nilililipua kwa baruti. Nilikuwa hodari. Watu waliniita fundi.

Kwa hiyo mji mzima ulicheka nilipostaafu na kuanza kung'oa tamariski, kupanda mierebi, na kupigilia nguzo mtoni ili nijenge mabwawa ya kuiga yale ya biva. Bwawa la kwanza lilizolewa na mafuriko siku ya tatu. La pili alikuja biva mwenyewe, akalizunguka, akaenda kujenga lake hatua hamsini chini. Sijawahi kudharauliwa na mnyama namna ile.

"Ndugu Verl," binamu yangu Delwin aliniuliza kanisani, mbele za watu, "huyo biva umeshamwandikia barua ya kuomba radhi?"

Delwin ndiye mwenye ng'ombe. Kipande changu cha mto kilizungushiwa uzio kwa miaka mitatu, na masharti tuliyokubaliana yalikuwa wazi. Mwisho wa mwaka wa tatu tungevuta juya. Tukipata samaki wa asili hata mmoja, uzio unabaki. Tusipopata, unang'olewa, na ng'ombe mia mbili wa Delwin wanashuka kula mierebi yangu.

Samaki tuliyemtafuta ana midomo minene iliyoning'inia chini ya kidevu, utadhani amenuna tangu kuzaliwa. Zamani walijaa. Baba alitufundisha kuvua pale pale, mimi na Delwin, maana Delwin alilelewa kwetu. Akitoka trauti, tunakula. Akitoka huyu wa midomo, tunamtupa ukingoni akaukie juani. Tulimwita takataka. Siku moja Delwin alimrudisha mmoja majini akala kofi la Baba, na hatukurudia tena. Nilipofika miaka sitini nikakumbuka kwamba sijamwona hata mmoja kwa muda mrefu, nikaona aibu, ile ya kukukuta unanyoa ndevu ukashindwa kujitazama kwenye kioo.

Siku ya kuvuta juya ilikuwa Jumamosi ya Septemba. Maren, mtaalamu wa samaki, mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiye na maneno mengi, alishika upande mmoja wa wavu, mimi mwingine. Delwin alikuja na kiti cha kukunja na sanduku la barafu lenye soda, akakaa kivulini.

"Nimekuja kuuaga uzio," alisema. "Umenisumbua, lakini nitauzoea ukiondoka."

"Utakaa sana hapo."

"Kiti kizuri. Sina haraka."

Tulivuta mara tano. Kambare wa kuletwa, samaki kapu wa kuletwa, buti moja la mguu wa kushoto. Maren alisema tunavuta mara ya mwisho. Katikati wavu wake ukanasa kwenye mzizi, akainama kuunasua, mgongo kwangu. Upande wangu kitu kizito kikapiga teke. Nikatumbukiza mkono.

Mkono ulimjua kabla yangu. Ulishika ile midomo minene, ukanyanyua, ukarusha nyuma ya bega mpaka ukingoni, kama Baba alivyofundisha, kisha ukajipangusa kwenye suruali. Yote hayo mimi nikiwa bado nawaza juu ya lile buti.

"Verl," Delwin aliita. "Umenitupia samaki."

Niligeuka. Samaki alikuwa mavumbini miguuni pa Delwin, anapiga mkia. Nikakurupuka, tope likabaki na viatu vyangu, nikaanguka kifudifudi nikanywa mto. Nilipoinuka ukingo ulikuwa mtupu. Delwin alikuwa amekalia sanduku lake, mikono kifuani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Delwin, nakuomba." Nilikuwa karibu kulia, mzee wa miaka sabini na moja, na soksi za tope. "Nimemtafuta miaka mitatu."

"Ukampata ukamtupa."

"Nikamtupa."

Alinitazama. Akautazama uzio, na ng'ambo yake malisho yake makavu, ng'ombe wamepangana kwenye waya wakichungulia mierebi. Kisha akaguna, akainuka.

"Dada Maren," aliita, "njoo na rula yako." Akafunua sanduku. Samaki alikuwa katikati ya makopo ya soda, kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, amenuna vizuri kabisa.

Maren alikuja mbio. Inchi kumi na sita. Mkubwa, mzima, wa asili. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kwa nini?" nilimuuliza Delwin kwa sauti ya chini. "Ungekunywa soda yako tu."

"Jumanne nina mahojiano na Askofu. Ataniuliza kama mimi ni mkweli kwa wenzangu, kama anavyouliza siku zote. Nikose kibali cha kuingia hekaluni kwa ajili ya takataka?" Akajipangusa mikono. "Na lile kofi bado nalikumbuka."

Maren alinikabidhi samaki. "Ndugu Verl, heshima ni yako. Mrudishe mtoni."

Nilipiga magoti ukingoni. Nikautazama mkono wangu, na sikuuamini hata chembe.

"Delwin," nilisema, "njoo unishike mkono."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alipiga magoti topeni na suruali yake safi, akanishika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, tukamshusha pamoja. Samaki alikaa kidogo kwenye viganja vyangu, kisha akaondoka taratibu kuelekea chini ya mierebi.

Delwin hakuniachia mkono mara moja.