Nyumba ya Mlango Mmoja

Mume wangu Henri alipenda nyumba kuliko watu wanaokaa ndani yake. Nilikuwa namwambia hivyo usoni, naye anacheka, maana alijua nampenda na kwamba maneno yangu hunitoka kabla sijayapima. Siku hizo Zaïre ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kazini alikuwa citoyen Kazadi, yaani mwananchi Kazadi, shefu wa mradi. Nyumbani alikuwa Tata Kazadi, yaani baba Kazadi, nikiwa nimekasirika, na Henri mambo yakiwa mazuri.

Mradi wenyewe ulikuwa mtaa mpya wa wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya Musonoi, karibu na Kolwezi. Kila asubuhi alitoka kwenda kuwasimamia waashi na maseremala, kugombana na madereva wa malori ya mchanga, na kuwapoza wakubwa wa ofisi waliokuja kila wiki kuuliza mbona bado. Akirudi jioni alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na bado anataka kunieleza habari za zege. Nilimsikiliza. Mwanaume anayerudi nyumbani na habari za zege, na si za baa, unamshukuru Mungu.

Nyumba ya kwanza kumalizika tulipewa sisi. Iliitwa nyumba ya mfano: wakubwa wakija kutembelea, waingie kwetu waone jinsi mfanyakazi atakavyoishi. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga deki kila siku kwa ajili ya wakubwa hao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufuta viatu.

Ilikuwa nyumba nzuri, sitaionea. Sakafu ya simenti, paa la bati, madirisha ya vioo, sebule na vyumba viwili. Na mlango mmoja tu, wa mbele, unaotazama barabara. Mlango wa nyuma ulikuwepo kwenye plani ya kwanza ya nyumba zote, na Henri mwenyewe ndiye aliyeufuta. Alikuwa yatima, alilelewa na mapadri katika bweni lenye mlango mmoja, na aliamini kwamba mlango wa nyuma ni mlango wa mwizi. Tena alisema mbao za milango yote hiyo zikikusanywa zitatosha nyumba nyingine kadhaa, kwa familia zilizokuwa zikingoja. Hapo alisema kweli. Nilikuwa na mimba, usingizi unanichukua hata mezani, sikubishana naye.

Mlango mmoja haukutusumbua hata kidogo mpaka mama yangu alipokuja.

Alikuja kwa sababu yangu. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kisenge, Henri alipokuwa akijenga nyumba za wachimbaji wa madini ya manganizi kule. Nilizaa katikati ya watu nisiowajua, na mtoto hakulia. Sikumlaumu mtu. Lakini mimba hii ya pili iliponishika niliogopa tangu mwanzo, hofu ya kulala nayo na kuamka nayo. Nilimwambia Henri kwamba sizai tena bila mama yangu kando. Hakuuliza swali. Alikwenda kumtumia mama tiketi kwao Mwene-Ditu siku ileile.

Mama Mbelu alishuka stesheni ya Kolwezi na kapu la mihogo mikavu, kuku wawili, na kitambaa amekivuta hadi machoni. Henri alikuwa amejificha nyuma ya lori la kazi. Nasema amejificha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwetu Waluba wa Kasai, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na jinsi mama mkwe anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyomkimbia. Mama yangu alimpenda Henri sana.

Katika nyumba za zamani jambo hili halina shida. Mkwe anaingia mbele, mama mkwe anatoka nyuma kwenda kwenye moto wake wa makaa, na kila mtu anabaki na heshima yake. Katika nyumba ya mfano haikuwezekana. Kazi ilikuwa jirani, Henri akipita nyumbani saa yoyote, na alianza kukohoa tangu barabarani ili mama apate kukimbilia chumbani. Akishaingia, mama alikuwa amefungiwa huko mpaka mkwe atoke tena, na choo kilikuwa nyuma, unakwenda kwa kutoka mbele na kuizunguka nyumba nzima.

Henri aliliona hilo, na kwa moyo wake mwema akaanza kula nje. Shefu wa mradi, amekaa juu ya rundo la mchanga, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, na wafanyakazi wake wanapita wanamuuliza kama mke amemfukuza. Nilicheka mpaka mtoto akacheza tumboni. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na mtu hawezi kula kwenye mvua kila siku. Tena asingeweza kujua ni saa ngapi mama anataka kutoka. Mama asingeweza kumwambia, wala kumtuma mtu amwambie. Mambo ya choo hayapelekwi kwa mkwe.

Kisha nikaona midomo ya mama imepasuka. Akitwanga, mara anashika ukuta. Kikombe cha maji nilichomwekea asubuhi nilikikuta jioni kimejaa vilevile. Nilimbana mpaka akasema.

"Kama minakunywa mayi, ni kutoka," akasema. "Kama minatoka, ni kupita mbele ya mukwe. Basi mi nilikatala mayi."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu aliyekataa kipande cha nyama kwa sababu ameshiba. Halafu akaniambia yaliyobaki. Ameuliza habari za treni kwa majirani, na Jumamosi atarudi kwao. Afadhali aniombee akiwa mbali kuliko kumvunjia heshima mume wangu ndani ya nyumba yake. Nilimsihi, nikapiga magoti na tumbo langu lile. Akanipangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake, na hakubadili neno.

Nilitembea mpaka kwenye ujenzi, jua la mchana kichwani. Henri alikuwa juu ya jukwaa la waashi. Alishuka, akanisikiliza kuhusu treni, kisha akaanza kunieleza kama anavyowaeleza wakubwa: plani imetiwa sahihi, wageni wa Kinshasa wanakuja Jumatatu kuiona nyumba ya mfano, na wakikuta tundu ukutani mradi utapewa mtu mwingine. Akasema pia kuna familia zimelundikana chumba kimoja, "zinaningojea mimi". Alisema "mimi", si "kampuni". Kuta zile zote alikuwa anazibeba mwilini.

Nikamkatiza mbele ya waashi wote, kwa jina lililokatazwa.

"Henri, mama yangu hanywi mayi mu nyumba yako."

Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu alipofika. Alivua kofia, akaitazama ndani kwa muda, akaivaa tena na kupanda jukwaa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemchukia njia nzima.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa amekwisha kufunga furushi lake. Tulikuwa chumbani kwake, mimi nimekaa kitandani, nikikiwaza kilio cha mtoto ambacho sikukisikia Kisenge. Ghafla ukuta wa nyuma ukapigwa. Ukapigwa tena, simenti ikaanza kumwagika sakafuni. Mama alishika kichwa akidhani nyumba inaanguka. Nikachungulia dirishani. Alikuwa Henri, peke yake, na nyundo na patasi, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni kwa ajili ya heshima.

"Mianda," mama akasema kwa sauti kubwa, ingawa nilikuwa hatua moja kutoka kwake, "uliza ule fundi anatafuta nini mu ukuta."

Sikuwahi kufungua mdomo.

"Mianda," sauti ikasema kutoka nje, "ambia mama, natafuta mulango yake."

Mama akakaa juu ya furushi. Nyundo iliendelea. Walikuwa karibu kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake, na mimi katikati, mjumbe asiyehitajika na ambaye hawakuweza kumkosa.

"Uliza fundi kama bakubwa yake banajua."

"Ambia mama, batajua siku bageni ba Kinshasa banafika."

"Uliza kama batamufukuza ku kazi."

Nyundo ikanyamaza. Nilimwona Henri dirishani akijifuta jasho kwa kiwiko, na akaangalia upande wa nyumba zake zote zile, safu kwa safu, nyingine bado hazina paa.

"Ambia mama, mi sijui," akasema. "Lakini anywe mayi."

Mama alitazama furushi alilolikalia. Uso wake ulikuwa unapambana na kitu. Kisha akainuka, akalegeza fundo la furushi, akaanza kutoa vitenge vyake kimoja kimoja na kuvipanga tena kitandani.

"Ambia mukwe yangu aendelee," akasema.

Tofali la kwanza lilipoangukia ndani na mwanga kuingia, wote wawili waligeuka kwa pamoja na kupeana migongo. Mama alihamia chumba chetu mpaka kazi ikaisha. Jioni Henri alitundika kitenge changu kwenye lile tundu na akaenda kulala bila kula. Nilimfuata. Nilimwambia kwamba nampenda, na kwamba tundu lenyewe limepinda, na yote mawili yalikuwa kweli.

Jumatatu wageni walikuja katika suti zao za abacost zisizo na tai, wakiongozwa na mkurugenzi, citoyen Kisimba, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mkali, mwenye sauti ya chini. Waliisifu sakafu. Wakayasifu madirisha. Kisha upepo ukakipeperusha kile kitenge, na Kisimba akakishika akakiinua. Akauliza ni nani aliyevunja ukuta wa kampuni. Henri akajibu ni yeye. Akauliza kwa nini.

"Ni mulango ya mama mukwe," Henri akasema.

Bwana mmoja wa Kinshasa alicheka. Kisimba hakucheka; kwao nako mama mkwe hatazamwi. Alikiachia kitenge haraka na kurudi nyuma, akauliza kwa kunong'ona kama mama yuko hapo nje. Alipojibiwa kwamba yuko, anapika, aliwatoa wageni wote kwa mlango wa mbele, akawasimamisha juani na kuwaeleza habari za bati kwa muda mrefu, ili mwanamke asiyemjua amalize kupika kwa amani. Nilimpenda siku ileile.

Baadaye alimwita Henri kando. Alimwambia plani haibadilishwi, ina sahihi. Lakini plani haisemi kitu kuhusu boriti ya zege ya upana wa mlango ndani ya ukuta wa nyuma, wala haisemi matofali yaliyo chini yake lazima yaunganishwe kwa simenti. Henri alielewa. Kila nyumba iliyobaki iliwekewa boriti ile, na chini yake matofali yaliunganishwa kwa udongo tu, ili mwenye mama mkwe abomoe mwenyewe na kutafuta mbao zake. Hakufukuzwa. Lakini ile nafasi ya Lubumbashi aliyokuwa ameahidiwa haikutajwa tena na mtu yeyote, na najua iliuma, ingawa kwangu alijifanya amesahau.

Uchungu ulinishika asubuhi nikiwa nachambua mchele. Mama alitoka kwa mlango wake kwenda kumwita jirani mwenye gari, wakanipeleka hospitali ya uzazi, na mkono wake haukutoka mgongoni mwangu hata mara moja. Niliomba Mungu nisikie sauti tu, sauti basi, hata kama ni mbaya. Mtoto alilia kabla hajatoka vizuri. Msichana. Alilia kwa hasira, mama akasema amenifuata mimi, nami nikalia kumshinda.

Tuliporudi nyumbani Henri alikuwa sebuleni, anajifanya anasikiliza redio ambayo haikuwashwa. Nilimwekea mtoto mikononi, akamtazama weee, mpaka nikachoka kusimama. Kisha nikampelekea mama chumbani. Mama alisimama nyuma ya pazia na mtoto kifuani, akakohoa kidogo. Nikajua kuna ujumbe. Nikajiweka tayari kuupokea, lakini hakuwa ananitazama mimi. Aliinama kwenye sikio la yule mdogo.

"Ambia tata yako," akasema, kwa sauti ya kufika sebuleni, akijiita kambo, yaani bibi, "treni iende. Kambo yako anabakia hapa."

Halafu nikamsikia Henri wangu, aliyekua bila kumjua mama, akivuta kamasi.

"Ambia kambo yako," akasema, "hapa ni kwake."

Mtoto alipiga miayo. Hakuwa hata na jina bado, na tayari alikuwa amenipokonya kazi yangu.