Friza la Bu Wening

Saa mbili asubuhi Bu Wening, yaani Mama Wening, alikuwa amekwisha kuvaa glavu, anapanga vichupa. Tempe ya kukaanga, kitafunwa cha soya iliyochachushwa, aliyoinunua langoni ilikuwa inapoa nje ya maabara, maana ndani hakuliwi kitu. Siku hizi tempe zinakatwa nyembamba kama ulimi wa paka na bei iko palepale. Muuzaji alimwambia ailaumu soya. Hakumlaumu mtu. Alikuwa na furaha tele. Juzi, baada ya miaka kumi na moja ya kujaribu, yeye na msaidizi wake Yuyun walipata umbo la protini ambayo kirusi cha kideri hutumia kujipenyeza katika chembe za kuku. Sasa walitaka kuilinganisha na ya virusi vya zamani. Hivyo vya zamani alivikusanya mwenyewe, kijiji kwa kijiji, enzi za usichana wake kwa pikipiki ya kuazima, na vyote vilikuwa ndani ya friza hili moja.

Ndipo akaingia Pak Kuswara, yaani Bwana Kuswara, wa ofisi ya mali, na wapagazi wawili nyuma yake.

"Samahani, Bu. Friza hili limetimiza miaka kumi. Linaondoka leo."

"Liende wapi? Linafanya kazi vizuri tu."

"Kwenye karatasi limeshakufa."

"Na vichupa elfu mbili na mia sita vilivyomo?"

"Hivyo havimo kwenye orodha yangu, Bu."

Yuyun alishindwa kujizuia. "Pak, mkeo naye si amepita miaka kumi? Mbona hujamrudisha kwao?"

"Yule hakununuliwa na serikali," alijibu Pak Kuswara, na wapagazi wakacheka.

Bu Wening hakucheka. "Jipya linakuja lini?"

"Bajeti ya mwakani. Ikipita."

Vichupa vikikaa nje mpaka adhuhuri, kazi ya maisha yake itakuwa maji ya kumwaga. Akajikuta amesimama mbele ya mlango wa friza, mgongo umeuegemea.

Pak Kuswara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kuku wake nyumbani, na aliwahi kuwazika wengine kwa kideri hichohicho. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Bu, kitu kibovu hakiondolewi. Lazima kwanza kitengenezwe, fundi wa taasisi atie sahihi. Andika tu limeharibika."

"Fundi si alistaafu?"

"Mwaka wa nne huu. Nafasi yake haijajazwa."

Akamwekea fomu na kalamu. Bu Wening aliitazama fomu, kisha akatazama kipimajoto. Nyuzi themanini chini ya sifuri, kamili. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Kuna mwaka aliiondoa makala yake mwenyewe jaridani kwa ajili ya namba moja, ilhali hakuna aliyekuwa amegundua. Mkono ukagoma.

"Andika, Bu," Yuyun alimnong'oneza. "Hiyo ni fomu, siyo utafiti."

"Kwangu mimi ni yaleyale. Nipe bisibisi."

Alilegeza skrubu mbili za mpini wa mlango, kila moja mizunguko mitatu. Akautikisa mpini, ukacheza. Akachukua rula ya chuma, akapima, akapima tena, na tena. Ndipo akaandika bila haraka: Mpini wa mlango umelegea. Unacheza kwa milimita nne.

Pak Kuswara alisoma, akabandika mlangoni karatasi nyekundu yenye maneno KINASUBIRI FUNDI, akawaashiria wapagazi watoke. Alipofika kizingitini aligeuka.

"Lakini, Bu, ni nne kweli?"

"Ni wastani," alisema Bu Wening, akirudi kwenye vichupa vyake. "Nimepima mara tatu."