Kijiko cha Nahodha

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Umeshaugeuza vya kutosha. Jumapili zote ulikuwa jukwaani pale Borgosecco ukiliimba jina la Ermes Bonvicini, beki aliyewakaba washambuliaji wa nusu ya Italia mpaka wakaomba kutolewa. Wenzake walipoanza kuugua mmoja baada ya mwingine, ukasema ni bahati mbaya, ukaagiza divai nyingine.

Basi sikiliza yaliyotokea juzi kwenye karamu ya wakongwe.

Klabu ilikuwa itangaze kwamba chumba cha kubadilishia nguo kitapewa jina la daktari wa zamani wa timu, marehemu Tassoni. Mchana wake Iole, mjane wa winga Learco, alimsimamisha Ermes nje ya duka la mikate akamwomba jambo moja tu: aseme mbele ya watu kilichokuwa kwenye zile sindano za daktari. Ermes akajibu atafikiria. Alijibu huku akitazama viatu vyake.

Jioni akaketi katikati ya meza, mgongo umenyooka, na utani ukawa uleule wa siku zote. Oriano, aliyekuwa kipa, mikono inamtetemeka siku hizi hata kuvua kofia ni kazi.

"Mtazameni mzee huyu," Oriano alisema. "Sisi tumebaki vyuma chakavu, yeye bado anatafuta mtu wa kumchezea rafu. Kaka, wewe ulikunywa nini?"

Watu wakacheka. Ermes alihisi uso unamwaka mpaka masikioni.

Kwa sababu alijua. Enzi zile, asubuhi ya mechi, daktari akishapanga sindano za kuongeza nguvu juu ya taulo, vijana walisita. Hapo Ermes, nahodha wao, alitangulia. Alikunja mkono wa shati, akachomwa, akawacheka waliobaki: kisindano tu hiki kinawatoa jasho? Wakafuata. Learco alikuwa wa mwisho, macho kayafumba. Hawakujua kwamba daktari, aliyegundua kasoro kwenye moyo wa Ermes, alikuwa akimchoma maji ya chumvi matupu. Wewe tangulia tu, alimwambia, kazi yako ni kuwatoa woga. Na Ermes akatangulia, msimu baada ya msimu.

Supu ya tortellini, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, ikaletwa. Katika timu ile hakuna anayegusa chakula kabla nahodha hajashika kijiko. Hata juzi, wazee wenye wajukuu, walikaa mikono mapajani wakimngoja. Ermes akawatazama. Walikuwa na macho yaleyale ya mbele ya taulo. Mkono ukamkatalia.

"Kapteni, supu inapoa," Oriano alinong'ona.

"Msinifuate," Ermes alisema. "Sindano yangu ilikuwa maji. Zenu hazikuwa maji, na mimi nilijua. Learco nilimcheka mpaka akanyoosha mkono."

Mwenyekiti akakohoa. Wengine wakainamia sahani. Oriano alihangaika na kofia yake muda mrefu, akiitafutia kichwa. Ermes alitaka kumsaidia, akaona haya kunyoosha mkono.

Na wewe? Wewe pia, miaka yote hii, umeinamia sahani.

Kibao chenye jina la daktari kitapigiliwa mlangoni pa chumba kile Jumapili kabla ya mechi. Iole atasimama kwenye mlango ule, na Ermes amesema atasimama naye, japo hawezi kumtazama usoni. Kama baba yako, kaka yako au mumeo alivaa jezi ile, weka kijiko chini. Njoo useme jina lake kwa sauti, na usimpishe mtu mwenye nyundo.